Jina Nililomsingizia Shabani

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesema kwamba jina lile lilianzishwa na Shabani. Nimelisema mbele ya shangazi wa mtoto, mbele ya enspekta, mbele ya wazazi, na mara moja, Mungu anisamehe, mbele ya padri ambaye hata hakuwa ameniuliza. Si Shabani. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwita mtoto wa miaka kumi na moja Marehemu, naye alikuwa amesimama mbele yangu, hai, mguu mmoja ndani ya darasa.

Ninyi vijana mnaofundisha sasa katika shule yetu ya Alunguli, hapa Kindu, mliniomba niandike machache juu ya miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Nadhani mlitaka maneno ya kutia moyo. Nimejaribu. Nilianza mara tatu kuandika juu ya wito wa ualimu, na mara zote tatu nilijikuta ninamwandika mtoto huyo. Basi nitaanzia mwanzo, nimfikie kwa njia ya kawaida.

Nilikuja shuleni nikiwa na digrii kutoka Kisangani. Wenye digrii walikuwa wakifundisha sekondari. Mimi nilitangaza kwamba nimechagua shule ya msingi kwa sababu ndipo kila kitu huanzia. Ukweli ni kwamba sekondari hawakuwa na nafasi. Chuo kikuu kilikuwa kimenijaza nadharia za akili ya mtoto, lakini hakikuniambia la kufanya mtoto anapotapika juu ya daftari la jirani yake. Hilo lilitokea siku yangu ya kwanza, saa mbili na nusu.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Ramazani wa darasa la sita, mtu mfupi, sauti ndogo, shati moja la buluu lililofuliwa mpaka likawa jeupe. Alileta mchanga, akamwaga, akafagia, akasema, "Madame, karibu ku kazi." Yeye ndiye aliyenifundisha vifaa. Alinifundisha kuchonga penseli kwa kisu bila kuvunja ncha. Alinifundisha kupaka ubao: unavunja betri kuukuu za redio, unatoa ule mkaa wa ndani, unautwanga pamoja na majani ya muhogo, unapaka Jumamosi, unaacha ukauke. Ubao unakuwa mweusi kama mpya. Mikono pia. Yangu ilibaki myeusi mpaka Jumanne, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa Madame Masizi kwa shule nzima. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilikwenda nyumbani nikalia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na digrii yenye muhuri. Ingetosha kunifundisha kitu juu ya majina.

Lakini kifaa ambacho Ramazani alikiheshimu kuliko vyote kilikuwa rejista, na kazi aliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa apeli, kule kuita majina kila asubuhi. Mimi niliisoma apeli mbiombio ili tuanze hesabu. Alinisikia kupitia ukuta wa mianzi, akanifuata wakati wa mapumziko.

"Madame, munahesabu mbuzi?"

"Hapana, Mwalimu. Nahesabu watoto."

"Hata kuhesabu si kazi yenyewe. Apeli njo kumuambia mutoto: nilijua utakuja. Unaita, unangoja, unamuangalia. Kisha unaita mwingine."

Na sheria ya pili, aliyoirudia kila mwaka kama mtu anayekariri tarehe ya kuzaliwa kwake: mtoto asipokuja, mwandikie A ya absan, yaani hayupo, kwa penseli. Siku mbili, miezi miwili, penseli tu. Mstari mwekundu, ule unaopita juu ya jina lote mpaka mwisho wa ukurasa, ni wa mtoto aliyekufa, na huupigi mpaka umesikia kwa mdomo wa watu wa nyumba yake. "A haiue muntu," alisema. "Mustari unaua."

Niliona ni ushirikina wa mwalimu mzee. Nilikuwa nimesoma.

Hapa niseme neno juu ya majina ya utani, kwa sababu mtakutana nayo kabla hata hamjazoea ufunguo wa kabati. Watoto hubandikana majina kutwa, na mengi hayafiki wiki. Nilikuwa na mmoja aliyeitwa Supu kwa kuangusha sufuria siku ya komunyo ya dada yake. Mwingine aliitwa Kumi kwa sababu ya vidole vyake tisa. Yote mawili yalitoka kwa Shabani, mtoto wa mvuvi, mwepesi wa ulimi kuliko wote niliowahi kufundisha, na yote mawili yalikufa likizo ya Pasaka. Nilidhani ni kwa sababu watoto husahau. Sasa najua ni kwa sababu hakuna mtu mkubwa aliyeyacheka. Jina baya linaweza kubuniwa na yeyote, lakini kuliweka juu ya mtoto likakaa, hiyo inahitaji mtu mwenye chaki mkononi.

Kisha vita vikatufikia. Gari moshi likaacha kuja, barabara zikafungwa, mji ukazingirwa pande zote. Chumvi ikawa kitu cha kupimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kona ya kitambaa. Direkta, mkuu wetu wa shule, aliondoka na ndege. Ramazani alipeleka watoto wake upande wa Obokote, kwa wakwe zake wenye mashamba, na siku aliyoniaga aliniachia penseli zake zote na biki moja nyekundu, kalamu yake ya wino. Wengine waliondoka bila kuaga. Watu husema nilibaki kwa ushujaa, nami nimewaacha waseme. Nilibaki kwa sababu mama yangu hakuweza kutembea.

Hivyo nikawa mwalimu mmoja kwa watoto arobaini na kitu wa madarasa matatu, katika chumba kimoja. Kati yao alikuwa Feruzi Kalumba: mtulivu, mwandiko mzuri, anayekuja mapema kuliko wote ili akae karibu na mlango. Kabla barabara hazijafungwa kabisa, mama yake alimchukua yeye na wadogo zake wawili kwenda kwa ndugu zake Pangi, kulikokuwa na chakula. Nikaandika A kwa penseli. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi wa pili. Siku moja mwanamke wa mawese akaniambia sokoni kwamba watu waliotoka huko waliiona familia ile imelala kando ya njia, mama na watoto wote.

Shangazi yake alikuwa anakaa mwendo wa robo saa kutoka shuleni. Sikwenda kumwuliza. Nilichukua biki nyekundu, nikapiga mstari, nikaandika pembeni "amefariki". Nikasimamisha darasa, tukanyamaza dakika nzima, tukaimba. Kisha nikatoa hotuba juu ya Feruzi. Ilikuwa hotuba nzuri. Nililizwa na maneno yangu mwenyewe.

Wiki tano baadaye, asubuhi, nikiwa katikati ya apeli, alitokea mlangoni. Alikuwa amevaa blauzi ya mwanamke, miguu imevimba, kichwa kimenyolewa vibaya. Msichana aitwaye Aziza, aliyekaa karibu na dirisha, aliruka nje. Wengine walijibana ukutani. Na Madame wao, aliyekuwa amewafundisha kwa mchoro kwamba wafu hawatembei, alirudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagusa ubao.

Waliniona. Hilo ndilo lililonichoma: kwamba darasa lilikuwa limeniona naogopa mtoto mwenye njaa. Nikatafuta neno la kuniokoa, nikalipata upesi mno.

"Haya, Marehemu," nikasema, "ingia ukae. Umechelewa."

Darasa likacheka. Ninyi hamwezi kukijua kicheko kile. Watoto hao walikuwa wakila sombe, majani ya muhogo, bila chumvi kwa miezi, na mimi sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa nimesikia hata mmoja wao akicheka. Sasa walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikajiona mwalimu bora wa mkoa mzima. Feruzi naye alitabasamu kidogo, kama mtu anayetabasamia lugha asiyoijua, akaenda mahali pake. Benchi zima likahama.

Sikumwuliza mama yake yuko wapi. Mwanamke wa mawese alikuwa amekosea mtu mmoja tu kati ya wanne.

Kesho yake nikafika kwenye jina lake. Mstari ulikuwa juu yake, lakini jina lilisomeka vizuri chini ya wino. Nisidanganye kwamba sikuliona. "Marehemu?" nikaita. "Prezan, Madame." Wakacheka tena. Siku ya tatu wakacheka. Siku ya kumi hawakucheka, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa kuwa mchezo ulikuwa umekwisha na lililobaki ni jina. Nikaendelea. Kila asubuhi niliita, nikangoja, nikamtazama, kama Ramazani alivyonifundisha.

Shangazi wa Feruzi alikuja mwezi uliofuata. Alisimama uwanjani, hakutaka kiti.

"Madame, mutoto ameniuliza: shangazi, njo mimi nilikufa, ao mama? Mimi namujibu nini?"

Nikapangusa chaki mikononi.

"Nani alimupatia hii jina?"

"Nitachunguza, mama," nikasema.

Na nilichunguza. Nilisimama mbele ya darasa nikauliza nani alianza. Watoto arobaini na kitu wakanitazama, kimya, hata wale wadogo wa mbele. Nilikichukua kimya kile kuwa woga. Nikamnyooshea kidole Shabani, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba majina ni kazi yake. Alifungua mdomo. Akawatazama wenzake, akanitazama mimi, akafunga mdomo.

Nilimpigisha magoti juu ya kokoto, mikono juu, mpaka adhuhuri, kisha wiki mbili za kuchota maji ya shule mtoni. Shangazi alipopita nilimwonyesha. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo niliita "Feruzi Kalumba", kwa sauti safi ya mtu asiye na deni. Alijibu, lakini kabla hajajibu darasa zima lilikuwa limeshanong'ona lile jingine. Nililileta kwa neno moja. Maneno yangu yote ya mwaka ule hayakuweza kuliondoa. Lilitoka nje ya uwanja. Mama muuza mikate alikataa awe mteja wake wa kwanza wa asubuhi, akisema marehemu hafungui biashara. Kwenye mpira walimweka golini, kwa sababu marehemu haumii. Na Shabani, mtoto wa Kiislamu wa ukoo wa tangu enzi za Waarabu, akapata naye jina lake: Mubatizaji. Hilo nalo limekaa.

Vita vilipokwisha walimu walirudi, isipokuwa Ramazani. Habari ya kifo chake ilifika kwa mdomo wa mwanawe mwenyewe, na hapo tu nilikubali kuiamini. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo. Nimepaka ubao kwa betri, kisha kwa rangi ya dukani ambayo haifai. Nimeandika A nyingi, zote kwa penseli. Wenzangu waliniuliza mbona nina ukaidi huo, nikawa nawajibu kwa hotuba fupi juu ya hadhi ya mtoto. Nilikuwa bado mtu wa hotuba nzuri.

Feruzi alikwenda Kampene kuchimba dhahabu. Nilipata habari zake kwa vipande. Jina lilifika kabla yake, kwa wachimbaji waliotoka Kindu. Huko lilipata matumizi mapya: shimo jipya likifunguliwa, alitumwa yeye kushuka wa kwanza, kwa kuwa ardhi ilishamchukua mara moja na haichukui mtu mara mbili. Mtu aliyenisimulia alikuwa anacheka. Nilimpa chai.

Nilistaafu mwaka huu. Mlinifanyia karamu, mnaikumbuka: mchele, samaki, hotuba. Mnakumbuka pia wanafunzi wa zamani walivyoanza kukumbushana, na mmoja akasimama na kusema, "Na Mubatizaji, tueleze, Marehemu ulimupata namna gani?" Shabani, ambaye sasa ni dereva wa pikipiki, alicheka na wote, akainua glasi ya soda. Mimi nilikuwa meza ya mbele. Nilikula samaki wangu.

Wiki tatu baadaye Aziza alikuja nyumbani kwangu. Ndiye yule aliyeruka dirishani. Leo ndiye direktrisi wenu, na haruki tena kwa kitu chochote. Alikuwa na rejista ya miaka ile ndani ya mfuko wa plastiki, na barua kutoka Kampene. Binti wa Feruzi ameanza darasa la kwanza. Shule ilimwandika Zaina Marehemu, kwa kuwa huko baba yake anajulikana kwa jina hilo tu, na watoto wenzake wanamwita yatima huku baba anamsubiri nje ya ua. Feruzi hana karatasi hata moja. Zilipotea njiani pamoja na mama yake. Direkta wa huko anataka uthibitisho. Karatasi pekee duniani yenye jina lake ni rejista yetu, na rejista yetu inasema amekufa.

"Mutaandika maelezo, Madame," Aziza alisema. "Mimi nitapiga muhuri."

Nikaandika papo hapo. Kwamba kutokana na hali ya wakati ule ilitokea hitilafu katika uandishi wa rejista, na kwamba jina lisilo rasmi lilianza kutumika. Aziza akasoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Ilitokea na nani? Lilianza kutumika na nani?"

"Aziza, ni lugha ya ofisi."

"Madame, mulituchapa sababu ya lugha kama hii."

Nikachana. Ya pili ilikuwa na Ramazani ndani yake, na vita, na njaa, na mama yangu. Ilikuwa na kila mtu isipokuwa mimi. Nikachana mwenyewe kabla hajaiomba. Ya tatu ilikuwa mistari minne. Nilipiga mstari bila kuuliza. Mtoto aliporudi sikuufuta. Mimi ndiye niliyempa jina Marehemu, nikalisoma kila asubuhi. Jina lake ni Feruzi Kalumba. Nikatia sahihi. Nilimtazama Aziza nikitarajia ashtuke. Alipuliza wino ukauke, akapiga muhuri.

Mtu aliyekuwa anakwenda Kampene kesho yake na pikipiki alikuwa, bila shaka, Shabani. Bahasha niliifunga kwa gundi. Alipofika mlangoni niliichana, nikampa karatasi.

"Soma kwanza."

Alisoma polepole, helmeti bado kichwani. Akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa.

"Njia iko na matope mingi, Madame. Munipe ule mufuko wa plastiki."

Hayo tu. Nilisimama barabarani mpaka sikuisikia tena pikipiki.

Simu iliita Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, nikipepeta mchele. Kwenye kioo chake: Shabani Moto, yaani wa pikipiki.

"Shabani, umefika salama?"

"Si Shabani, Madame. Ni Marehemu." Alilisema kama mtu anavyosema ni Paulo. "Shabani yuko hapa pembeni. Mvua imefunga njia."

"Feruzi," nikasema.

"Ndiyo. Njo mimi. Karatasi ilifika. Direkta amebadilisha jina ya mutoto, ameandika yote upya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. "Feruzi, mbele ya yote nikuambie kitu. Lile jina, siku ile..."

"Madame. Tulikuwa wote ndani."

"Najua, lakini..."

"Tulisikia wote. Hata Aziza alisikia, alikuwa chini ya dirisha. Munafikiri nani hakujua?"

Ungo ulikuwa bado magotini kwangu. Nikauweka chini. "Sasa mbona hamkusema? Siku nilipouliza nani alianza. Shabani, mbona hakusema?"

"Wakubwa wote walikuwa wamekimbia. Mulibaki mwalimu mumoja tu. Tukisema ni Madame, Madame atapata haya, ataondoka, masomo imekwisha. Shabani alituambia, wacheni, magoti itapona."

Nyuma yake nikasikia sauti ya Shabani, mbali na simu, ikicheka: "Mwambie haikupona!"

Miaka ishirini na zaidi nimewaficha siri watu waliokuwa wananifichia. Nikatafuta la kusema, na safari hii sikulipata upesi. Nikauliza habari za mtoto. Nikauliza kama Zaina amefurahi.

"Jana mwalimu alifanya apeli na jina mupya. Zaina Feruzi. Aliita mara mbili. Mutoto alinyamaza, hakujua kama njo yeye. Mwalimu akamuandika absan."

"Kwa penseli?" nikauliza.

"Sijui, Madame. Alirudi analia. Baba, mimi nilikuwa pale. Nikamuambia, utazoea. Lile lenu, Madame, mimi nililizoea ndani ya juma moja."